Jinsi ya Kuchagua Saizi Sahihi ya Rimu na Matairi ya Gari Lako

Maswali ninayoulizwa kuhusu matairi yanafanana sana. Mmoja ana gari lililotoka kiwandani na matairi ya 195/65 R15, ameona rimu za inchi 17 zilizompendeza, na anataka kujua kama zitaingia. Mwingine amekosa saizi yake, na muuzaji amemshauri achukue ile inayokaribiana nayo. Wa tatu amekwisha kununua na kufunga, na sasa tairi linakwaruza madigadi kila anapokata kona. Huyu wa tatu ndiye ninayemwonea huruma zaidi, kwa sababu yaliyomkuta yangeweza kujulikana kwa karatasi, kalamu na nusu saa ya utulivu kabla hajatoa fedha yake.

Neno "kuingia" ndilo linalowapoteza wengi. Rimu inaweza kuingia kwenye stadi, yaani skrubu za gari zinazoshika nati za gurudumu, nati zikakazwa, gari likatembea, na bado ikawa si rimu ya gari hilo. Kwa hiyo swali la mwongozo huu ni pana kuliko kuingia: je, rimu inakaa katikati ya habu (kitovu cha gari kinachobeba gurudumu), inaacha nafasi ya kutosha pande zote, inabeba uzito wa gari, na inavaa tairi lenye kipenyo ambacho gari lilitengenezewa?

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kijitabu cha gari, au angalau kibandiko cha matairi kilichopo kwenye gari lenyewe.
- Karatasi, kalamu na kikokotoo. Kikokotoo cha simu kinatosha.
- Rula ya chuma au tepu yenye milimita, na ikiwezekana kipimo cha venia.
- Tochi ya kumulika nyuma ya gurudumu.
- Jeki, stendi imara za kuegemeza gari, na spana ya magurudumu.
- Spana ya toki, yaani ile inayoonyesha nguvu ya kukaza. Kama huna, hakikisha fundi wako anayo na anaitumia.

Fanya vipimo vya gari mahali tambarare penye sakafu ngumu. Usiingize kichwa wala mkono nyuma ya gurudumu la gari lililosimamishwa kwa jeki pekee.

Hatua ya 1: Anza na kibandiko cha gari

Fungua mlango wa dereva na utazame kwenye nguzo ya mlango au kwenye ukingo wa mlango wenyewe. Katika baadhi ya magari kibandiko huwekwa ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Hapo utaona saizi moja au zaidi za matairi ambazo mtengenezaji amezikubali, pamoja na upepo wa mbele na wa nyuma. Ziandike zote.

Saizi zikiwa mbili au tatu, una bahati, kwa sababu mtengenezaji amekwisha kukufanyia kazi kubwa ya mwongozo huu. Gari la daraja la kati linaweza kuorodheshewa 195/65 R15, 205/55 R16 na 225/45 R17 kwa pamoja. Ukichagua mojawapo, ukaiwekea rimu yenye vipimo vilivyotajwa kwenye kijitabu, huna haja ya kubuni chochote.

Tahadhari: usichukue saizi iliyoandikwa kwenye tairi lililopo kuwa ndiyo ya kiwandani. Gari lililopita mikononi mwa watu kadhaa huenda lilibadilishiwa matairi zamani, na kosa la mwenye gari wa kwanza likarithiwa na wote waliomfuata.

Hatua ya 2: Soma ubavu wa tairi

Tuchukue mfano wa 195/65 R15 91H, ambao tutaendelea nao hadi mwisho.

Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ubavu hadi ubavu. Namba 65 ni kimo cha ubavu, lakini haisomwi kwa milimita. Ni asilimia ya ule upana. Herufi R inasema tairi ni la radiali, ambalo nyuzi zake hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 ni kiwango cha uzito, na H ni kiwango cha mwendo. Haya mawili tutayarudia katika hatua ya 7.

Kwa kuwa kimo ni asilimia ya upana, matairi mawili yenye namba 55 hayana ubavu wa kimo kimoja iwapo upana wao unatofautiana. Ubavu wa 205/55 ni milimita 112.75, na wa 225/55 ni milimita 123.75. Jambo hili dogo ndilo chanzo cha makosa mengi ya hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kipenyo kizima

Hii ndiyo hatua ambayo sikubali mtu airuke. Kipenyo kizima cha tairi ndicho kinachoamua gari litasafiri umbali gani kwa kila mzunguko wa gurudumu, na spidomita, giaboksi na mfumo wa breki za ABS, unaozuia magurudumu yasijifunge, vimepangwa kwa kukitegemea.

Hesabu yake ni hii: zidisha upana kwa asilimia ya kimo, zidisha jibu kwa 2 kwa sababu kuna ubavu juu na ubavu chini, kisha ongeza kipenyo cha rimu kilichogeuzwa kuwa milimita kwa kuzidisha inchi kwa 25.4.

Kwa 195/65 R15, ubavu ni 195 × 0.65, yaani milimita 126.75. Mara mbili yake ni 253.5. Rimu ni 15 × 25.4, yaani 381. Jumla ni milimita 634.5.

Sasa tupime saizi ambazo mwenye gari hili anaweza kushawishika kununua:

- 205/55 R16: milimita 631.9, pungufu kwa asilimia 0.4. Nzuri.
- 225/45 R17: milimita 634.3, karibu sawa kabisa. Nzuri.
- 215/50 R17: milimita 646.8, zaidi kwa asilimia 1.9. Inavumilika, nafasi ikiwepo.
- 205/60 R16: milimita 652.4, zaidi kwa asilimia 2.8. Iko ukingoni.
- 225/55 R17: milimita 679.3, zaidi kwa asilimia 7. Iache.

Mafundi wengi hutumia mpaka wa asilimia 3 juu au chini. Mimi hupendelea kutovuka asilimia 2, na kama nitakosea, nikosee upande wa chini kidogo kuliko juu, kwa sababu ya spidomita. Tairi kubwa kuliko la kiwandani huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, na spidomita haijui hilo. Ukifunga 225/55 R17 kwenye gari hili, sindano ikisoma 100 wewe uko karibu na 107. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi, inataka spidomita isionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko ule halisi. Ndiyo sababu spidomita nyingi za kiwandani huzidisha kidogo. Tairi kubwa mno humaliza akiba hiyo na kukugeuza mvunja sheria bila kujua.

Tahadhari: kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuongeza kipenyo cha rimu bila kupunguza kimo cha ubavu. Ukipanda inchi moja, kwa kawaida upana huongezwa milimita 10 hadi 20 na asilimia ya kimo hushushwa kwa 5 au 10, ili kipenyo kizima kibaki palepale. Rimu ikikua, ubavu hauna budi kupungua.

Na hapo kuna gharama ambayo wauzaji huipita harakaharaka. Ubavu wa 195/65 una milimita 126.75 za mpira kati ya rimu na barabara. Wa 225/45 una 101.25. Milimita 25 zilizopotea ndizo zilizokuwa zikimeza mashimo na kingo za mawe. Kama barabara zako nyingi ni za changarawe au zina mashimo, ushauri wangu ni kubaki na R15 au kuishia R16. Gari halitapendeza sana, lakini rimu haitapinda wala ubavu hautachanika.

Hatua ya 4: Pata vipimo vinne vya rimu

Rimu, au ringi kama wengine wanavyoiita, haielezwi kwa inchi peke yake. Nyuma ya spoku, yaani mikono ya rimu, au karibu na matundu ya nati utakuta maandishi kama 6J×15 ET45 5×114.3. Unahitaji vitu vinne mbali na kipenyo.

Cha kwanza ni mpangilio wa matundu, ambao mafundi huuita PCD. Maandishi 5×114.3 yanamaanisha matundu 5 yaliyopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3. Mipangilio inayoonekana sana ni 4×100, 5×100, 5×112, 5×114.3, 5×120, na 6×139.7 kwa magari mengi ya mizigo na ya nje ya lami.

Kwa rimu ya matundu 4 au 6, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolikabili. Kwa rimu ya matundu 5 hakuna linalolikabili jingine moja kwa moja. Pima kati ya matundu mawili yanayofuatana, kisha zidisha kwa 1.701. Ili usibahatishe katikati ya tundu, pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa la pili.

Tahadhari: 5×112 na 5×114.3 zinafanana machoni. Umbali kati ya matundu yanayofuatana ni milimita 65.8 kwa ya kwanza na 67.2 kwa ya pili. Tofauti haifiki milimita moja na nusu. Niliwahi kununua rimu zilizotumika ambazo muuzaji alinihakikishia kuwa ni 5×114.3. Nati tatu ziliingia kwa vidole, mbili zikahitaji spana tangu mwanzo, nami nikajiambia kwamba ni kutu. Baada ya siku chache usukani ukaanza kutetemeka, na nilipozifungua nikakuta stadi mbili zimelazwa upande. Tangu wakati huo, nati isiyoingia kwa vidole angalau mizunguko ya kwanza kadhaa huichukua kama onyo, nami husimamisha kazi hadi nijue sababu.

Cha pili ni tundu la katikati, ambalo huvaa habu ya gari. Tundu likiwa dogo kuliko habu, rimu haikai kabisa. Likiwa kubwa, rimu itakaa lakini haitashikwa katikati na habu, na hapo unahitaji pete za kuziba nafasi hiyo. Magari mengi ya Toyota yenye 5×114.3 yana habu ya milimita 60.1, na ya Honda yenye mpangilio uleule yana 64.1. Kwa hiyo rimu ya Honda inaweza kukaa kwenye Toyota kwa kutumia pete ya 64.1 kwa 60.1, lakini rimu ya Toyota haiwezi kuvaa habu ya Honda hata matundu yakilingana. Kuna watu hulichonga tundu ili lipanuke. Usikubali hilo lifanywe kwa mkono kwenye rimu ya gari litakalobeba watu.

Cha tatu ni upana wa rimu kwa inchi, ile namba iliyo mbele ya herufi J. Cha nne ni ofseti, iliyoandikwa ET, nayo inastahili hatua yake peke yake.

Hatua ya 5: Linganisha upana wa tairi na wa rimu

Kila saizi ya tairi ina rimu nyembamba kuliko zote na pana kuliko zote inazoruhusiwa kuvaa. 195/65 R15 huvaa rimu za inchi 5.5 hadi 7. 205/55 R16 huvaa 5.5 hadi 7.5, 225/45 R17 huvaa 7 hadi 8.5. Orodha hizi hutolewa na watengenezaji wa matairi. Rimu nyembamba mno hulifanya tairi livimbe ubavuni na kuyumba kwenye kona, na pana mno hulivuta hadi ukingo wa rimu ubaki wazi kugonga kila jiwe. Kaa katikati ya kiwango.

Hatua ya 6: Fahamu ofseti kabla haijakuumiza

Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaogusana na habu. ET45 inamaanisha uso huo uko milimita 45 kuelekea nje ya gari kutoka mstari wa katikati. Namba ikipungua, gurudumu lote husogea nje, kuelekea madigadi. Ikiongezeka, husogea ndani, kuelekea shokomzoba. Namba inaweza hata kuwa chini ya sifuri, na hapo gurudumu huchomoza nje sana.

Njia rahisi ya kuikokotoa ni hii. Chukua nusu ya upana wa tairi. Ukiiongezea ofseti, unapata umbali ambao tairi linaingia ndani kutoka kwenye uso wa habu. Ukiipunguzia ofseti, unapata umbali ambao linatoka nje.

Gari letu la mfano lina 195/65 R15 kwenye rimu ya ET45. Nusu ya upana ni 97.5, hivyo ndani ni 142.5 na nje ni 52.5. Mwenye gari ameona rimu za 7.5J×17 zitakazovaa 225/45 R17. Nusu ya 225 ni 112.5. Sasa tazama ofseti inavyobadilisha mambo:

- ET50: ndani 162.5 na nje 62.5. Tairi limeingia ndani zaidi kwa milimita 20 na kutoka nje zaidi kwa 10.
- ET45: ndani 157.5 na nje 67.5. Limeongezeka milimita 15 kila upande.
- ET40: ndani 152.5 na nje 72.5. Ndani limeongezeka 10, nje 20.

Rimu zote tatu ni za inchi 17, zina upana mmoja, zinavaa tairi moja, na dukani huenda zimetundikwa ukutani pamoja. Moja itagusa shokomzoba, nyingine itakwaruza madigadi, na moja huenda ikakaa vizuri. Ndiyo maana jibu la "inchi 17 zinaingia" halina maana mpaka ofseti itajwe.

Baada ya hesabu, nenda kwenye gari ukapime nafasi iliyopo sasa. Kwa tochi, pima kutoka ubavu wa ndani wa tairi hadi sehemu ya karibu zaidi ya shokomzoba, springi au mkono wa chini. Kisha pima kutoka ubavu wa nje hadi ukingo wa madigadi. Fanya hivyo kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kwa yale ya mbele rudia usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kulia, halafu kushoto. Kwenye nafasi hiyo toa milimita za nyongeza ulizozipata kwenye hesabu. Kama ndani zinabaki chini ya milimita 5, rimu hiyo si yako. Upande wa nje acha zaidi ya hapo, kwa sababu gari hushuka linapobeba watu na linaporuka tuta. Upana uliochapwa kwenye tairi nao si kipimo cha sonara. Matairi ya saizi moja kutoka viwanda viwili yanaweza kupishana milimita kadhaa, na kila nusu inchi ya upana wa rimu hubadilisha upana wa tairi kwa takriban milimita 5.

Breki nazo zina neno. Rimu lazima ipite nje ya kalipa, yaani kifaa kinachobana diski ya breki, na spoku zisiiguse kalipa kwa mbele. Kwa sababu hii huwezi kushusha kipenyo cha rimu kiholela: gari lenye diski kubwa lililotoka na inchi 17 linaweza kukataa kabisa inchi 15.

Tahadhari: ofseti isipofaa, wengi hukimbilia vipande vya kutanua vinavyowekwa kati ya habu na rimu. Vyembamba hupunguza hesi, yaani mikato ya stadi, ambazo nati inashika. Vipana huongeza mzigo kwenye beringi. Kutafuta rimu yenye ofseti sahihi ni kazi, lakini ni kazi ya mara moja.

Hatua ya 7: Hakikisha uzito na mwendo

Kiwango cha uzito 91 kinamaanisha tairi moja linabeba hadi kilo 615. Vingine unavyoweza kukutana navyo ni 82 kwa kilo 475, 87 kwa 545, 88 kwa 560, 94 kwa 670 na 100 kwa 800. Herufi za mwendo zinazoonekana sana ni T kwa kilomita 190 kwa saa, H kwa 210, V kwa 240 na W kwa 270. Kanuni ni kutoshuka chini ya kile kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari. Kupanda juu kunaruhusiwa.

Hapa ndipo matairi ya ubavu mfupi huficha tatizo. Tairi la kawaida la 215/45 R17 lina kiwango cha 87, yaani kilo 545. Ukilifunga kwenye gari lililohitaji 91, umepoteza kilo 70 kwa kila gurudumu, na familia nzima pamoja na mizigo ikipanda, ndipo upungufu huo unapodai haki yake. Saizi hiyohiyo hupatikana ikiwa na alama ya XL na kiwango cha 91. Hilo ndilo la kununua, lakini kumbuka kwamba tairi la XL hufikia uwezo wake kamili kwa upepo wa kilopaskali 290, karibu psi 42, wakati la kawaida hufikia kwa 250, karibu psi 36. Upepo wa kibandiko uliokusudiwa tairi la kawaida hautoshi tena, kwa hiyo fuata jedwali la mtengenezaji wa tairi.

Rimu pia ina kikomo chake cha uzito, ambacho mara nyingi huchapwa nyuma yake kwa kilo. Chukua uzito wa juu wa ekseli uliomo kwenye kijitabu na uugawe kwa 2. Kila rimu ya ekseli hiyo lazima ibebe kiasi hicho au zaidi.

Hatua ya 8: Chunguza nati

Mahali nati inapokalia kwenye rimu huwa na umbo la koni, la mviringo kama mpira, au bapa, na nati lazima iwe na umbo lilelile. Tukirudi kwa mfano wetu wa rimu ya Honda kwenye Toyota: rimu za kiwandani za Honda zina kikalio cha mviringo kama mpira, wakati rimu nyingi za aloi za Toyota hutumia nati bapa yenye washa. Hesi za stadi ni M12×1.5 kwa zote mbili, na nati zitaingia bila kulalamika, lakini zitakuwa zimegusa rimu kwa mstari mwembamba tu na zitalegea. Nunua nati za rimu, usitegemee za zamani. Magari ya Nissan na Subaru kwa kawaida yana M12×1.25, ambayo haiingiliani na 1.5.

Hesabu mizunguko kamili ya nati kabla haijagusa rimu na kukaza. Kwa stadi ya M12×1.5 ninataka angalau 8.

Hatua ya 9: Jaribu rimu moja kabla ya kuvalisha matairi

Omba uruhusiwe kufunga rimu moja tupu mbele, kisha nyuma. Izungushe kwa mkono. Sikiliza kalipa, tazama kama imekaa bapa kwenye habu, kata usukani pande zote. Rimu isiyovishwa tairi bado inaweza kurudishwa. Iliyokwisha kuvishwa, ni shida.

Wakati huohuo soma tarehe ya tairi. Mwishoni mwa namba inayoanza na DOT kuna tarakimu 4: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Tairi lenye kashata nzima, yaani meno ya kukanyagia yasiyolika, linaweza kuwa limekaa ghalani miaka mingi, na mpira huzeeka hata bila kutembea.

Matairi mawili ya ekseli moja yawe ya saizi moja na aina moja. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, yote manne yalingane kwa saizi na yakaribiane kwa uchakavu, la sivyo difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya ekseli mbili, itafanya kazi bila kupumzika hadi iharibike.

Hatua ya 10: Funga na kaza kwa utaratibu

Sugua kutu kwenye uso wa habu, weka pete kama zinahitajika, kisha ingiza nati zote kwa vidole. Kaza kwa mtindo wa nyota, ukiruka kutoka nati moja hadi ile ya upande wa pili. Teremsha gari na umalizie kwa spana ya toki kwa kiwango cha kijitabu. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena.

Kabla ya kuendesha kawaida, pakia watu wa kujaza viti na upite polepole kwenye tuta na kwenye kona kali. Angalia pia sheria za usajili na masharti ya bima yako, kwa kuwa baadhi ya nchi hutaka saizi isiyo ya kiwandani ikaguliwe.

Mambo yakienda kombo

*Usukani unatetemeka kuanzia kilomita 80 hivi kwa saa.* Anza na kubalansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu. Likiendelea, fungua na utazame kama pete za habu zipo na zimekaa, kisha pima upya PCD.

*Tairi linakwaruza usukani ukikatwa hadi mwisho.* Tafuta alama inayong'aa ndani ya madigadi au kwenye tairi lenyewe. Alama ikiwa ubavu wa ndani, ofseti ni kubwa mno au tairi ni pana mno. Ikiwa upande wa nje, ofseti ni ndogo mno. Likikwaruza kwenye matuta tu, shuku kipenyo au springi zilizochoka.

*Taa ya ABS imewaka.* Pima kama matairi yote yana saizi moja na uchakavu unaokaribiana. Kama yanalingana, huenda waya wa kihisio uliguswa wakati wa kufunga. Taa ya upepo ni jambo jingine: rimu mpya huenda hazina vihisio vya upepo vilivyokuwa kwenye zile za zamani.

*Gari linavuta upande mmoja.* Pima upepo kwanza. Kisha badilishana matairi ya mbele, kulia kwenda kushoto, iwapo hayana mshale wa mwelekeo. Gari likianza kuvuta upande wa pili, kasoro iko kwenye tairi. Lisipobadilika, peleka kwenye alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu.

*Usukani umekuwa mzito na gari linafuata mifereji ya barabara.* Hii ni tabia ya tairi pana na ofseti iliyopungua. Alaimenti husaidia kidogo, lakini dawa kamili ni kurudi kwenye upana mdogo.

*Nati zinalegea kila baada ya muda.* Usiendelee kuzikaza tu. Simamisha gari, fungua gurudumu, na ukague kikalio cha nati, kutu au rangi iliyo kati ya rimu na habu, na stadi kama zimenyooka. Stadi iliyopinda haipigwi nyundo, hubadilishwa.

*Tairi la akiba halilingani tena na mengine.* Linganisha kipenyo chake kizima na cha matairi mapya. Kama tofauti inazidi asilimia 3, lifunge kwenye ekseli isiyoendesha gari, nenda taratibu, na liondoe mara tu pancha inapozibwa. Kagua pia kama nati mpya zinakubali kikalio cha rimu yake. Kama hazikubali, hifadhi nati za zamani ndani ya buti pamoja na jeki.